Nimekaa, Masi

Masi,

Sauti iliyobaki kwangu si ya maneno yako. Ni ya blanketi. Kila alasiri ulilikunja mara nne, ukalinyanyua hadi usawa wa kifua, kisha ukaliachia lianguke juu ya simiti. Paf. Hukuliweka chini polepole hata siku moja. Uliliangusha, vumbi kidogo likaruka pembeni, nami nikajua nivue viatu. Sasa naisikia mahali isipokuwepo. Wapagazi wakishusha magunia ya pareto pale stesheni, naisikia. Mtoto akiangusha kitabu darasani, naisikia, na mgongo wangu unanyooka wenyewe kabla sijakumbuka kwamba umekufa. Kisha nakumbuka, na mgongo unalala tena.

Sijui nikuandikie wapi. Sisi tukifiwa tunazika, na aliyebaki ana mahali pa kwenda kusimama. Wewe ulichomwa nje ya mji, na mimi sikufika kwa sababu kwenu wanawake hawaendi, na majivu yako yamepelekwa kwa meli hadi kwenye mto ambao hukuuona tena tangu ulipokuwa msichana. Kwa hiyo naandika tu. Naandika kwenye daftari la shule. Watoto wamekwenda nyumbani, picha ya Malkia inanitazama kutoka ukutani, na upepo unapitisha ule unga mweupe wa ziwa chini ya mlango. Ziwa limekauka zaidi tangu uondoke. Heroe wamehama. Ungekuwepo ungeniambia nifunge dirisha na niloweshe kitambaa nikiweke penye ufa. Dirisha nimefunga. Kitambaa sikulowesha. Sioni kwa nini.

Ni miezi saba. Mwanao Dinesh amepata uhamisho kutoka Nairobi na sasa anakaa nyumbani kwako Section 58 pamoja na mke wake. Si watu wabaya, utaona nitakavyokueleza. Chumba cha nyuma wamekitia cherehani na kabati kubwa. Pale ukutani kichwa changu kilipokuwa kikiegemea palikuwa na doa la mafuta ya nywele, nawe ulikuwa ukinionyesha ukicheka kwamba hilo ndilo cheti changu. Wamepaka chokaa mpya. Doa halipo.

Na kifua changu kimerudi vile kilivyokuwa kabla yako.

Unakumbuka ulivyonipata. Nilikuwa nimeshuka kwenye gari la moshi nikitoka shule ya bweni, sanduku la bati miguuni, vumbi la ziwa limefunika stesheni nzima kama moshi. Nilikuwa nimeinama, mikono juu ya magoti, natafuta hewa. Baba alikuwa upande wa pili wa njia akisukuma mabehewa, hakuniona. Watu walinipita. Wewe ulikuwa umekuja kuchukua kifurushi, mjane wa karani wa reli, sari nyeupe na viatu vya mwanaume. Ulikuja ukanisimamia, ukaweka kiganja kimoja katikati ya mabega yangu na kingine kwenye mfupa wa kifua, ukaninyanyua kama mtu anayenyoosha ufito uliopinda. Sikukujua. Nilitaka kukusukuma. Ukasema, "Wacha hewa. Hewa itakuja. Mgongo kwanza."

Hewa ilikuja. Ilichelewa, lakini ilikuja.

Kesho yake Baba alinileta kwako, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi chini ya marehemu mume wako na alikuogopa. Nilikuita Memsahib. Ulikunja uso, ukasema niite Masi, ndivyo watoto wa dada yako wanavyokuita, maana yake ni mama mdogo. Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza kwa adabu kama jambo hili ni sala ya Kihindi, kwa sababu sisi ni watu wa kanisa. Ukamwambia, "Fundi, mgongo iko na dini gani?" Baba alilirudia swali hilo landhi nzima, kwenye nyumba zetu za reli, kwa wiki mbili, kila mara akicheka mwenyewe.

Mama hakucheka. Nilipomwambia kwamba mwezi wote wa kwanza sikufundishwa kitu ila kukaa chini, alisema, "Kama ni kukaa, hata paka wa jirani anakaa, na hakupelekwa shule." Nilimtetea paka. Sikujua niseme nini kingine, maana hata mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Nilidhani utanipa pumzi zenyewe, idadi yake, upande wa kulia na wa kushoto, nizihifadhi kama kanuni, nipone. Wewe ukanipa blanketi.

Miezi mitatu, Masi. Nikae kwenye ukingo wake, si katikati, ili nyonga ziwe juu na magoti yashuke. Niitafute kwa mikono yangu ile mifupa miwili ninayoikalia, niitenge na nyama, niisimamishe kama miguu ya kiti. Kiuno kisimwagike nyuma. Mbavu zisitokeze mbele, na nilipozitokeza ulinipiga kidole ukaniambia mimi si jogoo. Kifua kinyanyuke kutoka ndani, mabega yarudi na kushuka, masikio yakae juu ya mabega. Hapo ndipo nilipokuwa nikikosea kila siku. Nimezoea kusoma, kichwa changu kiko mbele ya mwili. Ulikishika kwa vidole viwili ukakirudisha, ukasema, "Kichwa yako nataka kufika Naivasha mbele ya wewe." Nilicheka, na kucheka kukavunja kila kitu, tukaanza tena kutoka chini, kwenye mifupa miwili.

Kisha kidevu kiiname kidogo, si sana. Taya zilegee. Ulimi ulale. Macho yafungwe bila kubanwa. Na nilipodhani nimemaliza, nikashika pumzi kwa hamu, ulisema tu: hapana. Hewa baadaye. Nyumba kwanza.

Siku uliyoniruhusu nipumue kwa hesabu sikuhisi ajabu yoyote. Nilihisi kwamba kuna nafasi. Hilo tu. Chini ya mbavu, nyuma, karibu na figo, mahali nisipowahi kujua kwamba pana mlango, hewa iliingia bila kuombwa. Nilifungua macho, nikaona unajifanya unapanga mito. Tangu siku hiyo sikuwahi kuchoma tena zile karatasi za pumu ambazo moshi wake ulimfanya Mama alie. Nilimaliza masomo ya ualimu bila kukosa hata siku moja. Nilirudi Nakuru nikapewa darasa la pili, na kila siku baada ya shule nilipita kwako, na somo letu lilikuwa na jina moja. Hukuwahi kusema tuanze, au keti, au njoo. Ulisema, "Kaa." Ukisema kaa, blanketi linaanguka, viatu vinatoka, mwili wangu unajipanga kutoka chini kwenda juu kama askari wanaosikia filimbi. Miaka minne. Neno lako la Kiswahili ulilolitumia kuliko yote.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ilikuwa Ijumaa. Daktari alikuwa amekwisha kusema moyo umechoka na maji yameingia mapafuni, usilale chali, uegemezwe. Dinesh alikuwa amepelekewa simu ya maandishi na alitarajiwa Jumamosi. Nilifika saa tisa. Mama aliyekuwa akikusaidia kazi alikuwa anatoka kwenda kufuata dawa, tukapishana mlangoni, akaniambia afadhali umekuja.

Uliegemea mito minne, na kwa mara ya kwanza nilikuona umejikunja. Kifua kimeingia ndani, kidevu kimeangukia kando, mabega yamekuja mbele. Wewe. Nilitaka kukunyanyua kama ulivyoninyanyua stesheni. Nilikutia mkono mgongoni, nikasikia mifupa na joto, na ile sauti ya maji ndani, nikautoa mkono. Sikujua nianzie wapi. Mtu aliyenifundisha mpangilio wote kuanzia chini alikuwa mbele yangu hana chini ya kuanzia.

Ulinitazama. Ukasema, "Kaa."

Nami nikaenda kwenye kasha, nikalitoa blanketi, nikalikunja mara nne. Sikuliangusha, niliona si vizuri mbele ya mgonjwa, nililiweka polepole. Nikavua viatu. Nikakaa kwenye ukingo, kichwa kikiwa kwenye doa langu. Nikatafuta mifupa miwili. Nikashusha magoti, nikanyanyua kifua, nikayarudisha mabega na masikio, nikainamisha kidevu. Nilifanya vizuri siku hiyo kuliko siku zote, Masi, kwa sababu nilidhani unataka kuona kazi yako kabla hujaondoka, na nilitaka uione. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi kumi na mbili, ndefu, sawasawa, hewa ikiingia mpaka nyuma, huku hatua tatu kutoka kwangu ukitafuta moja.

Nilipofungua macho ulikuwa bado unanitazama. Ulikuwa umenyanyua mkono kidogo kutoka kwenye shuka. Ukasema tena, kwa shida, ukiniita binti kwa lugha yenu, "Kaa, beti."

Nikakujibu. Nilitabasamu nikakujibu, "Nimekaa, Masi. Tazama."

Kisha nikainuka. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nililikunja blanketi, nikalirudisha, nikakujazia maji kwenye gilasi na kuiweka karibu, ingawa sijui nilidhani ungeifikiaje. Nikasema kesho nitakaa tena. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga saa kumi. Nikaondoka.

Jirani yako wa ukuta mmoja aliingia saa kumi na moja na nusu na sahani ya wali wa maziwa. Yeye ndiye aliyekukuta.

Dinesh alifika asubuhi. Nyumba imejaa, wanawake wamekaa sakafuni, mimi nimesimama karibu na mlango wa jikoni kwa sababu sikujua mahali pangu. Alikuja moja kwa moja kwangu. Alikuwa hajanyoa. Alisema mama wa kazi amemweleza kwamba nilikuja wakati yeye anatoka. Akaniuliza, "Ulikuwa naye?"

Nikasema, "Nilikuwa naye."

Haya maneno mawili nimeyageuza kila upande na hayana uongo. Nilikuwa nawe. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi nilikuwa nawe. Lakini niliona uso wake ulivyofunguka, nikaelewa alichokisikia, na ningeweza kuongeza neno moja tu, na sikuliongeza. Alinishika mikono yote miwili mbele ya watu wote. Aligeuka akawaambia kwa Kigujarati, na wanawake wale wote wakanitazama, na mmoja akasogea akanifanyia nafasi nikae kati yao. Jirani peke yake ndiye angeweza kusema kitu, na jirani alikuwa analia, na pengine alidhani nilitoka dakika moja kabla hajaingia.

Tangu siku hiyo akawa ananiita Dada Tabitha. Sikukuu zenu zilipofika mke wake alituletea peremende landhini, na Mama, yule wa paka wa jirani, akawa anamsifu Dinesh mbele ya majirani. Blanketi lako alinipa mimi. Alisema hakuna mwenye haki nalo zaidi. Kila mgeni alipokuja kwake kutoa pole, hata wale wa miezi hii ya mwisho, nilimsikia akisema kwamba mama yake hakufa peke yake, kwamba alikuwapo msichana aliyefundishwa naye, kwamba walikuwa wakivuta pumzi pamoja mpaka mwisho. Hilo la mwisho sikulisema mimi. Amelikuza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu analihitaji.

Na ningeweza kuendelea hivyo. Nakueleza ukweli, ningeweza. Nilikuwa nimejizoeza. Nilijiambia kwamba ulikufa usingizini, kwamba pengine hukujua kama nimekwenda.

Lakini Agosti, Jumamosi moja, Mama alikuwa na mgeni, yule mama wa nyumba ya sita ambaye kila akija anasema hakai. Alikuwa amesimama, ameshika mwavuli, anaaga. Mimi nilikuwa naosha vikombe nje. Nikamsikia Mama akimwambia, "Aa, kaa bwana. Unakimbilia wapi? Kaa kidogo."

Nilisimama na kikombe mkononi mpaka maji yakanikaukia vidoleni.

Nimezaliwa na Kiswahili hiki, Masi. Wewe ulijifunza jikoni na sokoni, na maneno yako yalikuwa machache, kila moja ulilifanyisha kazi mbili tatu. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Aliyelala kitandani asiyeweza kupumua, anaponyanyua mkono akamwambia mtu kaa, hataki kumtazama akinyoosha mgongo. Na mimi nikakuonyesha mgongo. Nikakuambia tazama. Uliniomba mara mbili nisiondoke na mara zote mbili nilikufanyia mazoezi.

Tangu Jumamosi hiyo sijaweza. Nalitandika blanketi lako nyuma ya kitanda changu, kwa sababu nyumbani hakuna nafasi nyingine, nakaa ukingoni, naitafuta mifupa miwili, ipo. Magoti yanashuka. Kiuno kinatii. Nikifika kwenye kifua, basi. Mfupa wa kifua haunyanyuki. Naijua njia yake yote, ningeweza kumfundisha mtu mwingine gizani, lakini mimi nikiunyanyua unarudi chini kama kifuniko. Na pumzi inakuja juu tu, shingoni, fupi, ya mwizi. Usiku nasikia mluzi kifuani. Wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu alinikuta nimeinama juu ya meza, watoto arobaini wamenyamaza, akanirudisha nyumbani. Mama amenunua tena zile karatasi za kuchoma. Alizichoma tu, akakaa karibu nami huku macho yakimtoka machozi ya moshi.

Ningependa kukuambia kwamba ni vumbi. Watu wote wanasema ni vumbi.

Kuna kitu kibaya zaidi ambacho sijamwambia mtu. Nimejiuliza kama kweli nilikosea. Nakumbuka nilivyoutoa mkono mgongoni mwako niliposikia maji. Nakumbuka nilivyofurahi kufumba macho, maana nikiyafumba sikuoni. Madaftari yale hayakuwa na haraka, niliyasahihisha Jumatatu. Na ulipoinua mkono mara ya pili, kuna sehemu yangu iliyokuona vizuri sana, na sehemu hiyo ndiyo iliyotabasamu upesi na kusema nimekaa, kabla ile nyingine haijapata nafasi ya kusikia. Huenda nilikuelewa. Huenda nilichukua ile maana iliyoniruhusu kwenda nyumbani. Nimekaa na swali hili wiki nyingi na halitanijibu, kwa sababu shahidi ni mimi mwenyewe na simwamini.

Kuhusu hilo sina la kufanya. Kuhusu Dinesh nilikuwa nalo.

Nilichelewa kwa sababu niliona nitamnyang'anya. Nilijiuliza ni kwa faida ya nani. Kama nikimwambia mimi nipate kupumua, basi namuibia mwanao usingizi ili nilale mimi. Nilifikiri hivyo siku nyingi na nilidhani ni wema. Halafu Jumapili iliyopita kanisani mke wa mhubiri alinijia akaniambia amesikia habari zangu na yule mama Mhindi, na angependa nisimame siku ya akina mama niwaeleze namna ya kumsindikiza mgonjwa. Nikasema nitafikiri. Nikatoka nje. Sikwenda nyumbani, nilikata moja kwa moja mpaka Section 58 na viatu vya kanisa.

Alikuwa barazani na gazeti. Aliposimama kunipokea niliona anafanana nawe kwenye mabega, sijui kwa nini sikuona mapema. Aliita mke wake, chai ikaja, na ile bisi yenu ya mchele na pilipili. Alianza kunieleza kwamba amepata barua kutoka kwa dada yako mkubwa, kwamba mama huyo mzee anaomba picha yangu. Nilimkatiza. Sikutaka kugusa kikombe chake kwanza.

Nilimwambia yote, na nilianzia chini. Saa tisa. Mama wa kazi mlangoni. Kaa. Blanketi. Pumzi kumi na mbili. Kaa tena. Jibu langu. Gilasi. Saa kumi. Nilimwambia neno lile lina maana mbili na mimi nilichukua moja. Nilimwambia pia kwamba sina hakika kama niliichukua kwa bahati mbaya. Hilo nalo nilimwambia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza jambo moja tu, jirani aliingia saa ngapi, ingawa alijua. Kisha alihesabu, niliona midomo yake ikihesabu, saa moja na nusu. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Dinesh akasema, si kwangu, labda kwa gazeti, "Nimewaambia watu wote."

Baadaye akasema, "Nimemwandikia mpaka Masi kule nyumbani, dada ya Mama. Siwezi kumwandikia tena."

Nikamwomba anwani ya dada yako. Aliingia ndani, na aliyerudi ni mke wake, na kipande cha bahasha ya zamani kilichochanwa pembeni. Hakuniita Dada. Alinipa karatasi, akachukua kikombe changu kilichojaa akakirudisha jikoni. Nilijua sitakaribishwa tena, na nilijua ni haki, na bado nilisimama pale kwenye ngazi kama mtu aliyesahau kitu. Nilipofika barabarani nilipata shambulio la pumu, karibu na duka la kona, nikaegemea ukuta wa watu mpaka likapita. Kwa hiyo usidhani kusema kweli kumenifungua kifua. Hakukunifungua.

Sikuombi msamaha. Wa kuutoa hayupo, na sitaki kujipa mwenyewe kwa jina lako. Mke wa mhubiri nimemjibu kwamba sitasimama. Watoto wangu wa darasa la pili wanakaa kama magunia ya viazi na siku zingine nawapita nyuma nikiwarudisha vichwa kwa vidole viwili, bila kusema nimejifunza wapi. Zaidi ya hapo sijui nitaishije. Sioni mbali kuliko wiki hii.

Kwaheri, Masi. Ahadi ninayoweza kuitimiza ni moja: yeyote atakayeniuliza, maisha yangu yote, nitamwambia kwamba niliondoka saa kumi na wewe ulikuwa hai na uliniomba.

Kwa dada yako nimekwisha kuandika. Niliandika kwa Kiingereza chepesi, maana kule atatafutiwa wa kumsomea, na sikutaka msomaji apate neno la kulipotosha kwa huruma. Niliipeleka posta Jumatatu asubuhi kabla ya kengele ya shule, na nyuma ya bahasha niliweka jina langu lote na anwani ya baba yangu, ili akitaka kunilaani ajue pa kuandikia.

Tabitha